Mkate Ukibaki

Shemeji alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, na asubuhi ile alikuja kuzitoa fedha za tanuri.

Mama Mikate alimwacha aseme mpaka achoke. Yeye ndiye aliyeendesha kiwanda kidogo cha mikate walichoachiwa na marehemu baba yao, yeye na kaka yake na mdogo wao wa kike, aliyeolewa na huyu Shemeji. Tanuri la zamani lilikuwa hoi: mlango haufungi sawasawa, mikate ya nyuma inaungua, ya mbele inatoka mibichi. Walijibana hadi wakapata fedha za tanuri jipya. Sasa Shemeji, wakala wa kampuni ya akili mnemba, alitaka fedha hizo zikanunue mfumo wa kuwaambia kila siku waoke mikate mingapi. Haibaki wala haipungui, alisema. Kaka mtu alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Mama Mikate hakuwa mtu wa kuhukumu kwa methali. Wiki iliyotangulia aliujaribu mfumo wenyewe, kwa majaribio ya bure. Siku nyingine ulipatia, siku nyingine ulikosea, kama yeye tu. Ndiyo maana alikaa ametulia tuli, amekunja mikono yenye unga kifuani.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na mashine yako," alisema. "Nauliza kitu kimoja tu. Ikikosea, mikate ikabaki, hasara anakula nani?"

Shemeji akacheka. Akaeleza kwamba mfumo hutoa ushauri. Uamuzi ni wa mwenye biashara.

"Basi tufanye hivi. Mwezi mzima tuoke inavyosema. Faida itakayozidi, yako yote. Mikate itakayobaki, unainunua wewe."

Kicheko kikakatika. Shemeji akaitazama simu yake, akasema wazo ni zuri, ila lazima kwanza aulize kampuni. Mama Mikate alimwonea huruma. Hakuwa mwongo, alizoea tu kurudia aliyoambiwa.

Aliyembana ni mkewe, aliyeketi kando yake.

"Usiulize kampuni, baba watoto. Tuseme fedha ni zetu mimi na wewe, za matumizi ya nyumbani. Ungekubali?"

Shemeji akaitia simu mfukoni.

"Nunueni tanuri," akasema.

Kaka mtu, ambaye mpaka leo hakiri kwamba aliwahi kushawishika, akauliza tanuri lenyewe litaletwa lini.