Askari wa Kitanda cha Tisa

Uongo wa Sista ulikuwa umetimiza miaka thelathini na mitatu bila kumsumbua mtu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wanaosema hivyo hawakumjua Sista. Alistaafu uuguzi, akamzika mumewe fundi seremala, kichwa kikajaa mvi, na uongo wake uko pale pale, mzima wa afya. Kisha binti yake akautungia riwaya.

Riwaya yenyewe ni ya mapenzi, ya zama za vita: nesi kijana na askari aliyeletwa hospitali na risasi ya tumbo. Jaladani kuna picha ya nesi mwenye kope ndefu kupita za nesi yeyote aliyewahi kuwahi zamu ya asubuhi, na chini yake pameandikwa: Kisa cha kweli. Nesi huyo ni Sista. Askari ni kijana wa kitanda cha tisa. Ndoa ya mwishoni binti aliitia mwenyewe, na wala hakuificha. Lakini kwamba yule kijana alipona akatoka wodini kwa miguu yake, hilo aliambiwa na mama yake mzazi, akaliamini kama anavyoiamini tarehe yake ya kuzaliwa. Na halikuwa kweli. Kijana alikufa siku ya sita, mikononi mwa Sista, naye hakumwambia mtu.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo alikuwa amekaa ghorofani kwenye maktaba, mkoba mapajani, anaomba saa kumi ifike upesi kikao kiishe. Binti alikuwa amealikwa na kikundi cha wasomaji kuja kusikia maoni yao, akamwomba mama amsindikize. Kikundi kina kanuni mbili. Ya kwanza, mwandishi hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Ya pili, kila aliyekaa kwenye duara lazima aseme ni ukurasa gani angeuchana, hata kama amekuja kusindikiza tu. Hii ya pili Sista aliisikia akiwa ameshakaa. Angejua mapema angebaki chini na magazeti.

Alianza fundi cherehani, mama mnene mcheshi ambaye husoma mwisho wa kitabu kwanza kwa sababu presha yake haitaki wasiwasi.

"Mimi nililia pale anapompasha mikono joto," alisema. "Askari anamwambia maumivu yameisha, nesi anavishika vile vidole vya baridi, anavipumulia. Mume wangu akaniuliza, nani kafa? Nikamwambia hajafa mtu, watu wanapendana, wewe utajulia wapi."

Watu walicheka. Sista akacheka nao.

Mwalimu mstaafu wa hesabu alikuja na karatasi. Kwa hesabu yake, wapenzi wale walikuwa wameshikana mikono mara thelathini na moja, na wodi ina wagonjwa arobaini. "Sasa hao wengine nani aliwahudumia?" aliuliza. Dereva wa lori yeye angechana barua ya kurasa nne, kwa kuwa hakuna mwanamume anayeandika barua ya kurasa nne. "Mimi nilimwandikia mke wangu mistari mitatu, akakubali. Hii nyingine ni kutuharibia sisi." Binti alikuwa ameuma midomo asicheke, macho yanamng'aa, na Sista akamtazama akajisikia vizuri kidogo. Mtoto wake alikuwa na raha. Miaka minne alikiandika kitabu kile jikoni, huku anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Zamu ikamfikia mzee mwembamba aliyekaa kando ya dirisha. Wote humwita Babu Bendeji, maana alikuwa mhudumu wa wodi ya upasuaji miaka thelathini. Sista alipolisikia jina hilo tu, akajua kumekucha.

"Umeandika vizuri, mwanangu," Babu Bendeji alimwambia binti. "Riwaya huwa zinanilaza, hii imeniamsha. Lakini nina swali. Risasi ya tumbo. Siku nne analia kwa maumivu. Siku ya tano maumivu yanakatika ghafla, anachangamka, anataka uji. Pua imechongoka, vidole baridi, ana kwikwi. Umeandika yote, mpaka jasho la juu ya mdomo. Haya hayatungwi. Kuna mtu aliyeyaona akakusimulia." Akavua miwani. "Mtu wa hivyo haamki. Wodini kwetu, mwenye jeraha la tumbo akisema hasikii tena maumivu, tulikuwa tunatuma watu wakawaite ndugu zake. Wewe umeeleza kifo hatua kwa hatua, halafu sura inayofuata umemwinua maiti akavaa viatu. Mimi ningeichana sura ile yote."

Hapo ndipo Sista alipoliona kosa lake. Mwongo wa kawaida angebadilisha mambo yote. Yeye, kwa uuguzi uliomwingia mifupani, alishindwa kudanganya hali ya mgonjwa. Alikuwa amemsimulia mtoto kama anayemkabidhi mwenzake zamu, mapigo ya moyo, vidole, kwikwi, kila kitu mahali pake, akaja kudanganya mstari wa mwisho tu.

"Samahani, najua sijaruhusiwa kusema," binti alidakia, uso umemwiva. "Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nesi mwenyewe ni mama yangu, huyu hapa. Mama, waambie."

Macho yote yakamgeukia. Akisema ndiyo, mzee mkweli ataonekana hajui kazi aliyoifanya miaka thelathini. Akisema siyo, mtoto wake ataumbuka mbele ya watu, na ile Kisa cha kweli imeandikwa pale jaladani kwa herufi nyekundu. Babu Bendeji alimtazama, na ilionekana ameshaelewa.

"Dada," alisema taratibu, "kama hutaki, acha. Mimi nimeshaongea vya kutosha."

Sista alimshukuru moyoni. Kisha akasema, "Babu yuko sawa. Hakuamka. Alikufa siku ya sita, alfajiri."

Binti alimtazama mama yake kama anayejaribu kumkumbuka.

"Miaka yote hii, mama?"

"Ulikuwa na miaka saba," Sista alisema. "Wiki ya tatu umelala, miguu haikubebi, madaktari wananikwepa. Nikawa nakusimulia habari za wagonjwa wangu upate usingizi. Nikafika kwa yule wa kitanda cha tisa, ukanikatiza. Ukaniuliza, aliamka? Ulikuwa unauliza habari zako, mwanangu, si zake. Ningekujibu nini?"

Fundi cherehani alikuwa ameshatoa leso.

"Ulipopona ndiyo nikanaswa kabisa," Sista aliendelea. "Kila siku unamuulizia. Amefika kwao? Ana watoto? Nikamwoza, nikampa shamba, nikampa mapacha. Nyumbani kwetu alikuwa hai kuliko baba yako. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilimpenda. Hilo umeliandika kweli tupu. Alipokata roho matroni alinipa mashuka masafi, kuna mgonjwa mwingine anasubiri mlangoni. Nikatandika. Nikasema nitalia nikitoka zamu. Tukaongezewa zamu. Siku zikapita, nikaolewa, nikakuzaa. Kisha ukaja na maswali yako, na mtu ukishasema yu hai, utamlilia vipi?"

Binti aliinuka, akavuka duara, akachuchumaa mbele ya mama yake, akautoa ule mkoba mapajani akauweka chini.

"Mama," alisema, "yule kijana amekufa."

"Najua."

"Basi mlilie."

Sista alimwangalia. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa bega la binti yake, akalia kwa sauti, kilio cha msichana wa miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.