Kucha za Patron

Patron ni paka. Exaucée, mutoto wangu wa kwanza, njo alimupa hiyo jina ya bosi, na paka akaiamini. Fotei zangu ine zote za kukalia bageni alizipasua mpaka sponji inatoka inje. Na mikono yangu je! Ku soko ya mutaa wetu wa Kenya bananiuliza: "Mama Exaucée, unapigana na bwana?" Nimechoka, bantu ya Mungu, nimechoka kabisa!

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanituliza: Exaucée anaolewa, na akienda, paka yake anaenda naye. Lakini kwanza familia ya Kasereka, muchumba wake, ilipaswa kuja kujionyesha kwetu.

Jumamosi yenyewe, asubuhi, nilishona fotei, nikatandika bitambaa bipya. Halafu nikasema: leo ni yeye ao ni mimi. Nikamufunga Patron mu taulo, bwana yangu Godefroid akamushika kichwa, nikakamata makasi. Muguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kufika wa ine, akamuuma Godefroid kidole, akaruka dirisha, akapotea.

"Mi nilioa wewe, sikuoa paka!" Godefroid anapiga kelele.

Sasa, marehemu mama yangu kule Sakania alinifundisha: kucha hazitupwe ovyo, mwenye roho mubaya ataziokota akuroge. Alikuwa anasema kucha ya muntu. Mi, kwa haraka, sikuwaza hiyo. Nikazifunga mu kipande cha kitambaa chekundu, nikapiga fundo, nikaficha nyuma ya muto wa fotei, nitazika kisha. Palepale, hodi! Bageni bamefika.

Tantine Kahambu, shangazi ya Kasereka, mwenye anasemea familia yao, alikaa wapi? Ku fotei ileile. Akajisogeza, akasikia kitu mu mugongo, akaingiza mukono, akatoa fundo. Akalifungua mbele ya bote.

"Mama," anasema pole-pole, "hizi kucha ni za nani?"

"Za paka, Tantine."

"Na paka iko wapi?"

Iko wapi! Siku zote iko juu ya kichwa yangu, leo namutafuta, haiko. Exaucée anatoka ku jiko na sahani ya samaki, anaona fundo, anaanza kulia. Kasereka anaangalia biatu byake. Tantine anasimama, anakamata mukoba yake.

"Twende kwanza. Tutaongea siku ingine."

Ile "siku ingine" naijua mi, haifikake. Nikaenda ku dirisha, mi mwenye ninamufukuza na ufagio kila siku: "Patron! Patron, baba, kuja!"

Harufu ya samaki njo ilimuleta. Akaruka dirisha, akarukia sahani, akaikosa, akajishika ku kikwembe cha Tantine, kitenge kipya, cha kushona kwa hiyo siku, na ule muguu mumoja wenye nilishindwa kukata. Kikapasuka kutoka kiuno mpaka goti.

Mama yangu we! Nikafunga macho. Nikasema, ndoa imekufa.

Tantine akamunyanyua Patron ku shingo, akakagua muguu kwa muguu. Tatu zimekatwa, moja iko muzima. Akakamata kucha moja mu fundo, akaipima ku muguu. Halafu akakaa, akaangalia kikwembe chake, akacheka mpaka machozi. Samaki ikaliwa, maneno ya ndoa ikaendelea.

Mu kuaga akanishika mikono, akaona alama zote.

"Mama Exaucée, nilikuwazia mubaya, unisamehe. Mutoto tunamupenda. Lakini niko na neno moja, nalisema mbele ya bazazi bote."

"Sema, Tantine."

"Bibi-arusi tunabeba. Paka, hapana. Abakie kwenu."

Bote bakapiga makofi, hata Godefroid na kidole chake chenye kufungwa. Nami nikapiga. Ningefanya nini? Nyuma yangu, nilisikia fotei inapasuka.