Ikilia Honi, Shuka

Jumanne ya pili ya mwezi wa Machi, mwaka 1989, mikate sitini ya hoteli moja ya Shelly Beach, huko Likoni, haikufika, na ilipopata saa mbili asubuhi meneja alishatuma mtu kwenda kuuliza. Mtu huyo aliikuta thelathini imetawanyika juu ya lami, na Mwinyihaji amelala katikati yake, amekufa. Thelathini mingine ilikuwa salama kwenye keria ya mwenzake, Kalama, aliyekuwa mtaroni, mzima kabisa. Kalama aliipeleka saa nne, kwa kuwa hakujua afanye nini jingine. Meneja alimshukuru.

Barabara ile ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: ikilia honi, baiskeli hushuka. Hutazami nyuma wala huulizi ni gari la nani. Unashuka vumbini, gari linapita, unapanda tena. Kutoka tanuri la Timbwani mpaka ufuoni wachukuzi wa mikate walishuka mara ishirini, na mkate ulioruka ulipanguswa mchanga ukarudishwa penye wenziwe.

Mwaka uliopita, mgeni mmoja Mholanzi aitwaye Bwana Joop aliwatazama wakishuka na kupanda, akaona ni ufundi. Aliporudi kwao alituma barua na tikiti mbili. Aliwaalika waende wakapande pamoja na watu elfu kumi na mbili, kilomita mia moja, siku moja ya Mei. Kalama, aliyefika kidato cha nne na hakuacha watu wasahau, ndiye aliyeisoma. Palikuwa na sentensi moja aliyoirudia mara mbili: siku hiyo magari husimamishwa, na barabara huwa ya baiskeli.

Kalama alijihesabu bingwa. Mwaka 1984 alishinda mbio za Timbwani, ambazo washindani wake walikuwa watatu. Mmoja alipasukiwa na tairi, naye Mwinyihaji akasimama kumsaidia. Bingwa huyo alisema isingefaa waende Ulaya wakaruke mitaroni kama vyura. Lazima wajizoeze. Ikilia honi, wasishuke.

Jumanne ile ilikuwa siku ya kwanza ya mazoezi. Lori lilipiga honi. Mwinyihaji hakushuka. Mwalimu wake alikuwa mtaroni kabla honi haijanyamaza.

Koplo wa kituo cha polisi alimwuliza Kalama lililotokea, naye akasema kweli: honi ililia, mwenzake hakushuka. Koplo akaandika kwamba mwendesha baiskeli alikataa kupisha. Dereva wa lori aliruhusiwa kwenda zake kabla chai aliyopewa haijapoa. Kalama hakutaja mazoezi, kwa sababu hakuulizwa. Baadaye alijieleza hivyo mara nyingi, na kila mara alijikubalia.

Pasipoti zao zilitoka wiki mbili baada ya hitima. Kalama alipokwenda kuzichukua, Mwinyihaji alikuwa nyuma yake kwenye foleni, amevaa shati lake la kahawia. Alama za tairi zilimpita kifuani kutoka bega hadi nyonga, safi kama zimepigwa chapa. Karani alimwambia kwamba picha haifanani naye sana. Mwinyihaji akasema amepungua kidogo, akatia sahihi.

Tatizo lilikuwa kuagana na Mwanasaumu, mkewe, ambaye alikuwa katika eda, na mjane katika eda haonani na wanaume wa kando. Maalim aliombwa afikirie kama marehemu mume ni mwanamume wa kando. Alifikiri siku tatu, akasema hajaliona jambo hilo kitabuni, na kwa tahadhari wazungumze mlango ukiwa umerudishwa. Basi ikawa hivyo. Mwanasaumu akamwambia mumewe kwamba Ulaya kuna baridi, achukue sweta. Kisha akasema, “Na wewe Kalama, mwangalie mwenzio.”

“Nitamwangalia, shemeji,” alijibu Kalama. Neno lilitoka bila kukwama hata kidogo.

Uholanzi walipokewa vizuri. Afisa wa uwanja wa ndege alimwuliza Mwinyihaji atakaa siku ngapi, akaambiwa kumi, akagonga muhuri. Bwana Joop aliwapa baiskeli nyepesi. Akampa Kalama na kaptura ya kukimbilia, iliyombana hata akawa anazungumza kwa kukata maneno.

Siku ya siku walikuwepo watu elfu kumi na mbili kweli, na barabara ilikuwa tupu kweli. Wazee walipanda, watoto walipanda, mama mmoja alipanda na mbwa wake ndani ya kikapu. Nyuma ya wote lilikuja gari la huduma ya kwanza, likipiga honi kuwahimiza waliochelewa. Kalama, aliyekuwa amewaahidi watu wa mtaa wa Shika Adabu kwamba angeongoza, kufikia kilomita ya tisa alikuwa mbele ya gari hilo tu. Likapiga honi. Kalama akashuka.

Mitaro ya Uholanzi ina maji, jambo ambalo barua haikulitaja. Alitolewa na bibi wa miaka kama sabini, aliyemkung'uta, akampa tofaa, kisha akampita. Kilomita ya kumi na saba honi ililia tena, na Kalama akashuka tena. Alijua kabisa kwamba gari lile ni la kumsaidia yeye. Kichwa kilijua, miguu haikuwa imesoma barua. Kufikia saa tisa mchana alikuwa ameingia majini mara kumi na moja, na bata wa eneo lile walikwisha kumzoea.

Mwinyihaji, ambaye hakutoka jasho na angeweza kumaliza mapema, alisimama kila mara akamngoja.

“Panda, bwana,” alisema mara ya kumi na moja. “Zimebaki kilomita nane.”

Kalama alibaki palepale, maji kiunoni. “Siku ile uliisikia honi?”

“Niliisikia.”

“Mbona hukushuka?”

“Si wewe uliyesema tusishuke?”

“Mimi nilishuka.”

“Nilikuona.” Mwinyihaji aliinama, akamtoa jani sikioni. “Nyumbani wanamwambia Mwanasaumu kwamba nilijitakia. Kwamba nilimchoka. Polisi uliwaambia ni nani aliyenifundisha?”

Kalama akasema hapana.

“Basi ukirudi, waambie.”

Walimaliza wa mwisho. Bwana Joop aliwavisha medali, na ya Mwinyihaji ikaning'inia vizuri juu ya alama za tairi.

Waliporudi Likoni walikwenda kituoni wote wawili. Koplo aliwapa benchi. Kalama alieleza kila kitu: barua, mazoezi, na jinsi yeye mwenyewe alivyoruka. Mwinyihaji alieleza yake, akatia sahihi. Koplo alisema maelezo ya marehemu hayawezi kutumika, maana marehemu ana upande katika kesi. Ya Kalama yalikuwa na faida. Aliuliza kwa upole kama lori lilipiga honi, na wote wawili wakakubali kwamba lilipiga. Ndipo akafungua faili akaongeza mstari mmoja chini ya ule wa kwanza: alifundishwa na mwenzake kukataa kupisha. Akalifunga. Sasa faili lilikuwa na wakosaji wawili, na dereva hakuwa mmoja wao.

Kutoka hapo Kalama alikwenda kwa Mwanasaumu, akasema yote mbele ya mlango uliorudishwa.

“Kwa hiyo hakutaka kuniacha,” alisema Mwanasaumu.

“La, shemeji. Alinifuata mimi.”

“Nimesikia. Usije tena hapa mpaka nikuite.”

Eda ilikwisha Julai. Hajamwita.

Mwinyihaji hupita katikati ya lami kila asubuhi, na malori hupita ndani yake bila kupunguza mwendo. Madereva wengine humpigia honi kwanza. Kalama hungoja vumbini mpaka malori yaishe.