Waliotoka kwenye Kabati la Malezi ya Kiroho

Asubuhi Anande alifungua maktaba ya usharika, akafungua na madirisha yanayotazama gereji za Ngarenaro, kisha akakaa kukunja kalenda. Kazi hiyo aliipenda. Washarika walimletea kalenda za mwaka uliopita badala ya kuzitupa, kwa sababu karatasi yake ni ngumu na hufunika kitabu vizuri. Anande alikata, akakunja pembe, akapaka gundi kidogo, na kitabu kilichokuwa kimechakaa kikatoka kimevaa picha ya maporomoko ya maji au ya kwaya ya vijana.

Upande wa pili wa chumba Nkasiogi alikuwa anapiga deki. Alikuwa mjane kutoka Kisongo, mwenye magoti mabovu na sauti ndogo. Alipofika karibu na meza ya Anande aliinua ndoo badala ya kuiburuza, maana Anande alikuwa ameshaacha kalenda na kufungua kitabu.

"Umefika wapi, Mama Irine?" aliuliza.

"Mawifi zake wamempeleka kisimani, yeyo." Anande alimwita hivyo, yeyo, kama watu wa kwao Nkasiogi wanavyowaita mama zao.

"Wameshamsukuma?"

"Bado."

"Basi usimsukume kwanza. Ngoja nimalize kona hii nije nisikie."

Anande alisubiri. Nkasiogi alimaliza kona, akakamua tambara, akaja akakaa kwenye kiti cha watoto, na mwanamke wa kwenye kitabu akasukumwa kisimani akiwa na mtu wa kumhurumia.

Tangu akiwa msichana kule Machame, Anande alipenda hadithi za kutisha kama wengine wanavyopenda pilipili. Alizinunua kwa wauza vitabu vya mitumba karibu na soko la Kilombero, zikiwa hazina majalada, na alikuwa anajua mapema ni nani atakayefufuka. Kilichompendeza zaidi ni kwamba humo mtu aliyetenda ubaya alifuatwa mpaka mlangoni kwake. Lakini alikuwa pia mwalimu wa shule ya Jumapili na sauti ya pili ya kwaya kuu. Kamati ya maktaba ilipoagiza vitabu vya mizimu na majini vichomwe moto, Anande alijitolea kuvichoma. Nyuma ya jengo alichoma magazeti. Vitabu alivivalisha kalenda za kanisa, akavipanga kwenye kabati lililoandikwa Malezi ya Kiroho. Kabati hilo lilikuwa salama. Hakuna aliyewahi kuazima kitu humo.

Nkasiogi alimwona siku ile akikunja kalenda na kuvivalisha. Alimletea gundi zaidi.

Siku ya kisima, Anande aliitwa kanisani kusaidia kupanga viti vya harusi. Kwa haraka alikilaza kitabu mezani kifudifudi, kikiwa kimefunguka. Aliporudi, mwanamke aliyesukumwa kisimani alikuwa amekaa dirishani. Maji yalimtiririka kutoka kwenye kanga, yakashuka kwenye miguu ya kiti.

"Karibu," Anande alisema. "Huku ni kusoma tu, kuazima ni mpaka ujiandikishe."

"Nitakaa tu," alisema yule mwanamke. "Kule kuna baridi."

Nkasiogi alikuja na gunia, akamtandikia chini ya miguu. Halafu akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, akampa. Chai ilipita ndani ya yule mwanamke ikamwagika sakafuni. Nkasiogi aliifuta, akamimina tena, nusu kikombe safari hii, maana mgeni hanyimwi chai kwa sababu inamvuja.

Wiki iliyofuata kitabu kingine kililazwa kifudifudi simu ilipolia, akatoka bwana mmoja mwenye suti ya kuzikiwa na pamba puani. Huyo alisoma magazeti. Alianzia kwenye matangazo ya vifo, akisikitika kwa sauti ya mafua. Wasomaji waliwazoea. Wanafunzi wa kidato cha nne waliokuja kujisomea walimsalimia shikamoo, wakamwomba asogee kidogo wapate kuchaji simu. Alisogea. Mmoja alimsaidia kurudishia pamba ilipodondoka.

Anande aliona haya kidogo, kama mtu ambaye wageni wake wamefika kwa jirani. Alimweleza Nkasiogi kwamba hata akikifunga kitabu hawarudi.

"Wafanye nini huko?" alisema Nkasiogi. "Mmoja yuko kisimani, mwingine kaburini. Waache wapumzike."

Nkasiogi alikuwa na jambo lake la kusubiri. Mjukuu wake, Joyce, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa anapata kipaimara mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo Joyce angekula chakula cha Bwana kwa mara ya kwanza, na Nkasiogi alikuwa ameshazungumza na mchungaji wapige magoti pamoja, yeye na mtoto, madhabahuni. Alikuwa ameshashona gauni. Kila akizungumza habari hiyo aliyapapasa magoti yake, kana kwamba anayaomba yasimwangushe.

Taabu ilianzia kwenye sakafu. Mzee Philemoni, mwenyekiti wa kamati ya maktaba na mzee wa kanisa, aliingia kuonyesha wageni wa jimbo jinsi usharika unavyojali elimu. Alikanyaga maji ya yule mwanamke wa kisimani, akateleza, akakaa chini mbele ya wageni wote. Bwana mwenye suti ndiye aliyemwinua. Mzee Philemoni alijipangusa, akamshukuru, halafu akauliza ni nani aliyewaleta watu hawa.

Kikao kilifanyika mlemle maktabani. Hakuna aliyeuliza kama waliokufa wako pale, maana walikuwa wamekaa dirishani, wakisikiliza kwa adabu.

"Mama wa usafi anawapa chai," alisema Mzee Philemoni. "Mimi nimeona kwa macho yangu. Mtu humpa chai mgeni wake. Kwa hiyo ni wageni wake."

Wajumbe waliona neno hilo lina uzito. Mmoja akakumbusha kwamba mama huyu anatoka mbali, na kwamba mama mkwe wake alikuwa anajua dawa za miti.

"Alikuwa anatibu ndama," alisema Nkasiogi.

"Ndama huanza hivyohivyo," alisema mjumbe.

Mzee Philemoni akamgeukia Anande. Alimgeukia kwa upole, kwa sababu alimheshimu. "Mama Irine, wewe ndiye unayeshinda humu. Kuna njia nyingine ambayo hawa wangeweza kuingilia?"

Kabati la Malezi ya Kiroho lilikuwa nyuma ya mgongo wa Anande. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa sweta lake. Alifikiri juu ya kwaya, juu ya watoto wa shule ya Jumapili, juu ya moshi wa yale magazeti ambao kamati nzima iliusifu.

"Mimi sijui, mzee," alisema. "Mimi naangalia vitabu."

Nkasiogi alitazama kabati. Halafu akamtazama Anande, bila hasira, kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea mbele za watu na anatafuta kanga ya kumfunika.

"Chai niliwapa," alisema. "Hilo ni kweli."

Kikao kikaishia hapo. Nkasiogi aliachishwa kazi, na baraza la wazee likamtenga. Angekaa benchi la nyuma, asiguse meza ya Bwana, mpaka atakapotubu mbele ya usharika na kurudi kundini. Alikunja aproni yake, akamwonyesha Anande dawa ya sakafu ilipo na lile tambara ambalo haliachi manyoya, akaondoka.

Kikao cha pili juu ya jambo hilo hakikuitishwa na mtu yeyote. Wajumbe walipokuwa wanajadili rangi ya milango, mwanamke wa kisimani alisimama.

"Naomba kusema," alisema. "Mimi nimetoka kwenye kitabu, na kitabu kiko kwenye kabati lile. Mama wa chai hakuniita. Nilipomwona mara ya kwanza nilikuwa nimeshakaa."

Wajumbe walisikiliza mpaka mwisho. Mzee Philemoni alitikisa kichwa kwa kuelewa.

"Tunashukuru kwa ushuhuda," alisema. "Wewe ni msharika?"

"Hapana. Nilikufa."

"Ahaa. Sasa, jambo hili limeshapita baraza la wazee. Na kabati hilo lilitolewa na familia yangu kwa kumkumbuka marehemu baba. Mchungaji aliliombea. Humo mna mafundisho tu." Akamtazama Anande. "Sivyo, Mama Irine?"

"Ndivyo lilivyoandikwa, mzee," alisema Anande.

"Basi. Ila mama, kwa kuwa uko hapahapa, unaonaje ukifuta haya maji mwenyewe?"

Mwanamke wa kisimani alisema hana neno. Tangu siku hiyo alifuta maji yake, na bwana mwenye suti akawa anafagia, na kamati ikaona hakuna haja ya kuajiri mtu mwingine. Katika matangazo ya Jumapili maktaba ilisifiwa kwa usafi.

Anande aliacha kusoma. Aliendelea kuvalisha vitabu, ila mikono ilikuwa inakosea pembe. Jumapili, akiwa kwenye jukwaa la kwaya, alijifunza kutazama saa ya ukutani ili asitazame benchi la nyuma. Mwisho alinunua sukari na sabuni za kufulia, akaenda Kisongo.

Nkasiogi alimwona kwa mbali. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu, amejifunga kitambaa safi kichwani.

"Wamekutuma?" aliuliza. "Nirudi lini?"

"Hawajanituma, yeyo. Nimekuja kukusalimia."

"Ni vizuri pia," alisema Nkasiogi, akavua viatu taratibu, akaviweka pembeni. Alimtolea Anande kigoda kizuri, mwenyewe akakaa kwenye dumu. Joyce alileta chai, akasalimia, akaenda kufungua mbuzi.

"Yule mama wa kisimani anatandikiwa gunia?"

"Anatandika mwenyewe."

"Na chai?"

"Hakuna anayempa."

Nkasiogi alisikitika. Anande alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa ameyapanga maneno tangu stendi, na yote yalikuwepo.

"Yeyo, nimekuja kusema kwamba..."

"Kunywa kwanza, inapoa," alisema Nkasiogi. "Mimi nimeshaongea na Mchungaji Eliamini. Jumapili natubu."

"Unatubu nini?"

"Kwamba niliwaita."

"Lakini hukuwaita."

"Najua sikuwaita, Mama Irine. Na wewe unajua." Alisema hivyo huku akimwongezea maziwa. "Kipaimara ni mwezi ujao. Huyu mtoto hana mtu mwingine wa kupiga naye magoti. Na wewe una Irine yuko shule, una kwaya, una kazi. Ukianguka wewe tutaanguka wangapi? Mimi niko chini tayari, kuinama kidogo sio kazi."

Mlima Meru ulikuwa umefunuka wote, mpaka kilele. Mbuzi walipita mbele yao. Ulikuwa ni wakati mzuri kabisa wa kusema, na hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia.

"Asante, yeyo," alisema Anande.

Neno hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, kuliko yale ya kikaoni. Kikaoni alikuwa ameogopa. Pale alikuwa ameshukuru.

Nkasiogi alimsindikiza mpaka barabarani, akampa maziwa kwenye chupa ya soda ampelekee Irine.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji Eliamini alimwita Nkasiogi mbele, naye akapita katikati ya mabenchi, akishika kila benchi kwa ajili ya magoti. Joyce alikuwa amekaa na wenzake wa kipaimara, ameinamisha kichwa, na msichana wa pembeni yake alikuwa amemshika mkono. Nkasiogi alipiga magoti. Alisema kwamba yeye ndiye aliyewaita wafu kwenye maktaba ya kanisa, kwamba alifanya hivyo kwa ujinga, na kwamba anaomba Mungu na usharika wamsamehe. Katikati Kiswahili kilimpotea, akaendelea kwa Kimaa cha kwao, na wazee wa nyuma waliomwelewa wakafuta macho. Aliungama vizuri kuliko watu wengi wanaoungama makosa yao wenyewe.

Mchungaji alimwinua, akamtangazia msamaha. Kwaya ikaimba. Anande aliimba sauti ya pili tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea.

Kisha watu wakapanga foleni kumpa mkono, kama ilivyo desturi mtu anaporudi kundini. Mzee Philemoni alitangulia, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akiwa na furaha ya kweli usoni. Waliokufa nao walipanga foleni. Bwana mwenye suti alifuta kiganja kwenye koti lake kabla ya kukinyoosha. Mwanamke wa kisimani alikamua kanga yake kwanza nje ya mlango, ili asimlowanishe. Watu waliompisha walimwambia apite tu, mama.

Anande alishuka na wanakwaya wenzake. Foleni ilikuwa inakwenda haraka, na zamu yake ikafika kabla hajajiandaa. Mkono wa Nkasiogi ulikuwa mkavu, wenye mikwaruzo ya sabuni, na ulimshika kwa nguvu.

"Umekonda," Nkasiogi alimnong'oneza. "Kula, mwanangu."

Nyuma yake mtu alikohoa kidogo kumhimiza.

"Karibu kundini, yeyo," alisema Anande, kama walivyosema wengine wote, na foleni ikasogea.