Mstari wa Mume

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu. Nguo za wateja zilibaki kwenye kamba za ndani, nami nikapiga pasi mlango ukiwa wazi ili mvuke utoke.

Mdogo wangu, fundi redio, aliingia na mfuko wa nguo chafu. Tangu aoe hajawahi kuniletea nguo. Alipoinama kuuweka chini, aliguna.

"Una nini?"

"Nilijiunguza nikipiga pasi, dada. Si kitu."

"Vua shati."

"Mimi si mtoto, dada."

"Vua."

Begani, kwa nyuma, palikuwa na kidonda chenye umbo la ncha ya pasi. Nina miaka ishirini na mbili katika udobi. Pasi huunguza vidole na kifundo cha mkono. Haimzunguki mtu ikampanda mgongoni.

Mungu anisamehe, nilimshuku yeye kwanza. "Ulimfanya nini wifi yangu mpaka akafika huko?"

Hakukasirika. "Hata wewe, dada," alisema, akaanza kufunga vifungo. Mikono inayounga nyaya nyembamba kama unywele ilikosa tundu la kifungo mara mbili.

Nikazima pasi. Niliomba kimya kimya, kisha tukaenda kituo cha polisi.

Askari wa kaunta alimtazama juu mpaka chini. "Mkeo ndiye kakuunguza? Na wewe ukakaa tu, ukageuza upande wa pili uive?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Akajaza fomu harakaharaka, akaisukuma mbele. "Tia sahihi hapa, bwana, tutawaita muelewane, leo leo ulale kwako."

Mdogo wangu akashika kalamu. Alitaka aibu iishe tu.

"Ngoja," nikasema. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, na mwalimu wetu hatuachii turuke mstari. Nikafuata kwa kidole.

"Mama, unasoma au unachambua mchele?" akauliza askari.

Nikaendelea. Fomu ilikuwa imechapishwa hivi: mlalamikaji ni mke, mtuhumiwa ni mume. Jina la mdogo wangu lilikuwa kwenye mstari wa mume.

"Afande, umemwandika yeye ndiye aliyeunguza."

"Fomu ndivyo ilivyo. Mume ana mstari mmoja. Ningemwandika wapi?"

"Na kama angetia sahihi, ingekuwaje?"

Aliutazama mlango wa mkuu wake. Kama ulikuwa uzembe au mtego, mpaka sasa sijui. Nilimnyang'anya mdogo wangu kalamu.

Mkuu wa kituo akatoka, akaisoma fomu, akakuna shingo. "Mwandikie upya, karatasi tupu. Fomu zenyewe zinatoka makao makuu, mama. Sisi hatuna la kufanya."

Nikageukia benchi. Hakuna aliyecheka sasa. "Nyote mmesikia. Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi kuwaandikia makao makuu kwa mkono wangu. Wakinyamaza nitaandika tena, mpaka mwanamume aliyeumizwa apate mstari wake."

"Na wewe, baba?" akauliza mama mmoja pale benchi. "Unarudi kwake?"

Mdogo wangu akamgeukia. Kisha akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Aliniunguza mke wangu. Nitalisema hilo popote nitakapoulizwa, na kwake sirudi. Ninyi ni mashahidi."