Makohozi ya Zamda

Zamda alikohoa tangu wakati wa kuvuna mahindi, na tangawizi haikumsaidia kitu. Zahanati wakampa kikopo akateme makohozi ya asubuhi, yapimwe kifua kikuu.

Hofu ikamshika. Binti yake Shamimu alikuwa amerudi kwao kujifungua, na mpaka arobaini itimie walilala wote chumba kimoja, dirisha limefungwa ili kichanga kisipate baridi. Wakwe wakisikia TB, wangekuja kumchukua mzazi na mtoto siku hiyo hiyo.

“Kohoa humu,” alimwambia Shamimu. “Wewe ni mzima.”

“Mama, si vizuri.”

“Nimesema kohoa!”

Shamimu akajikohoza, akatema. Zamda akafunika kikopo, akakipeleka kama chake.

Siku ya majibu, nesi alimsogezea kiti. “Mama, tumekuta TB. Usiogope, dawa zipo.”

Akilini Zamda alimwona Shamimu kule chumbani, dirisha limefungwa, kichanga kimelala kifuani pake.

“Hayakuwa makohozi yangu,” alisema. “Nesi, nakuapia, hayakuwa yangu!”

Nesi alimshika bega kwa huruma. “Wengi husema hivyo, mama.”