Kichwa Hakishuki

...haya, vichwa chini, anasema mwalimu, na vyote vinashuka, mikono sakafuni, makalio juu, kimebaki changu tu, nimekaa wima juu ya mkeka kama mgeni aliyesahaulika sebuleni, na kikae hivyohivyo, daktari alisema yoga endelea nayo, jinyooshe, pumua, ila kichwa kisishuke chini ya moyo, presha ya macho haina mchezo, jicho la kushoto limeshakula hasara, pembeni giza tupu, la kulia ndilo linalotunga uzi kwenye sindano, ndilo linalonilisha... binti yangu akadakia, basi mama acha kabisa, ukae nyumbani, nikae nyumbani nifanye nini, nisubiri saa ya matone ya dawa, miaka thelathini nimeinamia cherehani na mgongo wangu umekuja kunyookea humu, siachi, siachi ng'o... lakini mwalimu nilimwambia nini, nilimwambia mgongo unaniuma, mwongo mkubwa mimi, kwa sababu wateja wangu wamejaa humu ndani, na fundi wa nguo akisikika ana macho mabovu vitambaa vinahama siku hiyohiyo, na yeye kwa huruma zake akaniahidi dawa ya mgongo, "Wiki ijayo nitakushika miguu, mama, dakika tano tu kichwa chini," nami nikaitikia, Mungu wangu, niliitikia, na wiki yenyewe ndiyo hii, nilikuwa tayari kulitoa jicho langu zima kwa kuona aibu... vuta pumzi, anasema, nyayo zake zinakuja, na mbele yangu kainama yule mama aliyenihama mwaka juzi akaenda kwa fundi wa mjini, na suruali yake, hapo katikati kabisa, mshono umefumuka, nyuzi nne, hapana, tano, naziona kwa jicho hilihili, hatua sita kutoka hapa, nani kasema fundi haoni... mwalimu amechuchumaa kando yangu, kushoto, simwoni mpaka nigeuke, basi nageuka, "Mgongo bado, mama?" na sauti inanitoka kubwa kuliko nilivyopanga, "Sio mgongo, mwalimu. Ni presha ya macho, na kichwa changu hakishuki," vichwa vyote vinanigeukia hukohuko chini vilikokuwa, macho kinyumenyume, vinanitazama, na vitazame, mimi nimekaa palepale.